Nilimsifu Akiwa Hai

Niseme mapema kwamba nimechoka, usije ukadhani nina huzuni. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Migori, na mtu wa kidato cha tatu huchoka hata akiwa amekaa. Tunaamka majogoo wakiwa bado wanageukia upande wa pili, tunaenda prepu, tunasinzia kwa safu, mwalimu wa zamu anapita na rula ya ubaoni akigonga madawati kama fundi anayetafuta mbao iliyooza. Jioni narudi nyumbani nakuta beseni la unga linaningoja, maana mamangu anauza chapati na mikono ya kukanda ni yangu.

Katikati ya hayo yote nina blogu. Usicheke. Ina wasomaji, na baadhi yao si binamu zangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya kwetu. Mama ni wa Kehancha, baba ni Mjaluo wa hapa hapa. Baba hajui Kikuria hata cha kuombea maji. Mama anajua Dholuo ya sokoni, yaani ya kununua na ya kutukana. Kwa hiyo ugomvi wote wa nyumba yetu hufanywa kwa Kiswahili, na nikakua nikijua hii ni lugha tamu sana ya kugombana. Shuleni wananiita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Nimeshazoea. Nikikasirika nitachoka zaidi.

Aliyenifanya nianze kuandika ni mama mmoja wa Homa Bay. Nilimpata katika somo la kompyuta, siku tuliyoambiwa tuchape barua ya kuomba kazi. Mimi sikuwa naomba kazi yoyote, nilizonazo zinatosha. Nikafungua mtandao, nikaangukia blogu yake, na hadithi ya kwanza niliyosoma ilikuwa ya mhubiri wa sokoni ambaye kipaza sauti chake kilikuwa kinadaka redio. Kila akisema "Bwana anasema hivi," spika inatangaza kona ya pili ya mchezo. Watu wakawa wanasimama kusikiliza, mhubiri anadhani ni Roho.

Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Huyo mama alikuwa hamtaji mtu jina. Mhubiri alikuwa "mwenye kola iliyokunjwa." Muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa "yule anayecheka kama mlango mbovu." Na bado unamwona mtu mzima mzima, hadi kandambili zake. Nikaanza kuandika hivyo hivyo, habari za Migori, bila majina. Niliiga kila kitu, mpaka ile tabia yake ya kukatiza hadithi na kulalamika kwamba miguu inamuuma. Miguu yangu haikuwa inauma. Niliandika tu kwamba inauma.

Muda wote huo sikumwambia kitu. Mara moja niliacha maoni chini ya hadithi yake: "Wa kwanza!" Hapakuwa na wa pili, kwa hiyo utani wenyewe ukabaki hapo peke yake umekodoa macho.

Halafu muhula huu akaandika mistari michache tu. Kwamba mwisho wa mwezi anafunga blogu. Kwamba amekuwa akiandika miaka mingi kama mtu anayeongea na ukuta, na hata ukuta wake una mchwa ambao angalau wanafanya kazi. Kwamba hana kinyongo na mtu, amechoka.

Nilisoma hayo kwa simu ya mama, unga ukiwa mikononi, nikayarudia mara ya pili. Mtu anafunga duka kwa kukosa mteja, na mimi nimekuwa ndani ya duka muda wote huo, nimejificha nyuma ya magunia nakula.

Nikamwambia jirani yangu wa dawati. Yeye ni msichana mwenye ushauri mfupi.

"Si umwambie tu?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unamwiba."

"Haisemwi hivyo."

"Basi sema kwa Kiingereza, itasikika vizuri."

Nikaona nianze na mazoezi. Sisi wanablogu wa huku tuna kikundi chetu cha WhatsApp. Asubuhi kila mtu anatupa kiungo cha kazi yake, wengine wanaweka vidole gumba, hakuna anayefungua. Nikamwandikia jamaa wa Rongo anayeandika habari za mpira, kwamba kwake nilijifunza kuandika sentensi fupi. Hiyo ilikuwa kweli. Akanijibu kwa kunitumia kiungo kingine. Nikamwandikia anayeandika habari za kilimo, kwamba alivyoeleza mvua ya mawe ikipiga tumbaku nilisikia kelele yake masikioni. Akajibu: "Asante sana. Una ekari ngapi?"

Nikagundua kwamba mtu akipewa shukrani hajui aiweke wapi. Anaigeuza geuza, halafu anakuuzia kitu.

Kwa hiyo huyu wa Homa Bay nisingempelekea ujumbe wa pembeni. Ningemwandikia kwenye blogu yangu, hadharani, kila mtu aone. Nilikaa Jumapili nzima. Nikaandika kwamba alitufanya tucheke wakati hatukuwa na sababu. Kwamba alikuwa na jicho la kuona mtu asiyeonwa. Kwamba mimi nisingekuwa naandika kama si yeye. Kwamba pengo lake Homa Bay halitazibwa na mtu. Nikachukua picha yake kwenye blogu. Nyuma yake palikuwa na ndoo ya kijani na shuka la maua mekundu, vinapigana vibaya mno, nikaigeuza nyeusi na nyeupe ili itulie. Nikaizungushia fremu. Chini nikaandika: "Asante, Mama. Hatutakusahau."

Wewe unayesoma umeshaona. Mimi sikuona.

Nataka nijitetee kidogo. Huku kwetu mtu aliye hai anasifiwa wapi? Nimeenda matanga mengi kuliko harusi. Jumamosi ikifika kuna hema mahali, kuna spika, na kuna mtu amenyakua maikrofoni analia kwamba marehemu alikuwa nguzo yake, na wote tunajua hawakuwa wakisalimiana. Huko ndiko nilikosikia watu wakitaja uzuri wa wenzao. Mtu akiwa hai anaambiwa amenenepa. Kwa hiyo nilipotaka kumsifu mtu kutoka moyoni, maneno yalitoka yakiwa yamevaa suti nyeusi.

Jumatatu alfajiri nikabonyeza, ikaenda, nikaiweka pia kwenye status ya mama, nikaacha simu kando ya jiko, nikaenda shule. Siku hiyo tulikuwa na mtihani wa kemia. Kutwa nzima nilikuwa nasawazisha milinganyo, na yenyewe haikutaka kusawazika.

Niliporudi jioni, mama alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Chapati hazikuwa zimeanzwa. Hapo nikajua.

"Wewe. Umeua nani?"

"Mama?"

"Watu wananipa pole tangu asubuhi. Shemeji yangu wa Kehancha amepiga analia. Namuuliza unamlilia nani, ananiambia hajui, ameona picha tu. Nani amekufa?"

Nikachukua simu. Ilikuwa moto kama sufuria. Blogu yangu haikuwahi kuona watu namna ile. Maoni yalikuwa yamepangana kama foleni ya maji. Pumzika kwa amani, mwalimu wa vicheko. Mungu mbona unachukua wazuri. Mmoja alisimulia ile hadithi ya mhubiri na redio yote kama ilivyo, hadi kona ya pili, akasema aliwahi kumsomea mumewe hospitalini, na mume alicheka mara yake ya mwisho. Mwingine aliandika kwamba amekuwa akimsoma kila Ijumaa akingoja abiria wa boda. Jamaa wa mpira alikuwapo. Wa kilimo alikuwapo, tena kwa aya ndefu. Na mtu fulani, sijui nani, alikuwa ameshaanzisha kikundi cha maandalizi, wanabishana habari ya hema.

"Hajafa," nikamwambia mama.

"Una uhakika?"

Swali hilo lilinitoa jasho. Kumbe sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimesoma maoni mengi hadi nikaanza kuamini.

"Mpigie," mama akasema.

"Mimi?"

"Ni mimi niliyemuua?"

Nambari yake ilikuwa chini ya blogu. Mama akaweka simu sauti ya juu, akaishika yeye mwenyewe nisije nikakimbia nayo. Ikaita kidogo.

"Kama ni mambo ya mazishi," sauti ikasema, "mwenye mwili anaongea."

Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Habari ya jioni, Mama. Mimi ndiye wa ile blogu ya Migori."

"Ahaa. Muuaji."

"Pole sana, Mama. Sikumaanisha, nilitaka tu kusema asante."

"Kwa nani, kwa mochari?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya kitu cha katikati kilichosikika kama kwikwi. Yeye akaendelea, bila haraka, sauti yake imekwaruza kama ya mtu aliyeongea siku nzima.

"Nilikuwa nimetoka kazini, naanika nguo. Nasikia nduru huko langoni, uwi, uwi, nikasema jirani amefiwa, ngoja nianike shuka nimalize niende. Kumbe ni waya wangu, dada ya baba, ametoka Muhuru Bay na leso kiunoni, amejitupa chini langoni kwangu ananililia mimi. Nikamwambia, Waya, niko hapa. Akaniangalia, akaendelea kulia. Alikuwa ameshalipa nauli."

"Woi, pole Mama."

"Ameketi hapa sasa. Anasema machozi yake hayawezi kwenda bure, nichinje kuku."

Nyuma yake nikasikia sauti ya kikongwe ikisema jambo kwa Dholuo, fupi na kali. Jambo hilo lilihusu kuku.

"Naandika sasa hivi, Mama," nikasema. "Natoa picha, nawaambia uko hai."

Nilishanyoosha mkono kuchukua simu.

"Subiri kidogo," akasema.

"Mama?"

"Iache hadi kesho."

Mama yangu akaniangalia, mimi nikaangalia simu.

"Nimekuwa nikisoma tangu saa sita," akasema. "Sijamaliza. Yule wa mumewe hospitalini, wewe unamjua?"

"Simjui."

"Mimi pia. Miaka yote hii na simjui. Angeniandikia hilo neno moja tu, ningejua naandika kwa nani." Akavuta pumzi. "Wakijua niko hai watarudi nyumbani. Niache nisikilize. Usiku mmoja tu."

Nilikuwa tayari kukubali. Ningekubali chochote, hata kumchimbia kaburi, kwa vile nilivyokuwa na aibu. Lakini mama yangu akaleta mdomo karibu na simu. Kiswahili chake kikianza namna ile, baba hutoka nje.

"Dada, pole. Mimi ndiye mama ya huyu mtoto. Mama yako yupo?"

"Yupo. Yuko ndani huko Rangwe."

"Ana simu?"

Nyuma yake Waya akaanza tena habari ya kuku.

"Ana simu, dada?"

"Ana kitochi, kale kasimu ka vibonye."

"Nani amempigia?"

"Bado hakuna. Nadhani bado."

Mama alingoja tu, kama anavyongoja chapati igeuke rangi. Upande ule tukamsikia mtu akipumua.

"Toa," akasema yule mama. "Nyathina, mwanangu, toa. Toa sasa hivi."

Nikatoa. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba yuko hai, mzima wa afya, anaanika nguo, na mimi nilikuwa nashukuru tu. Nikaandika kwenye kikundi cha hema pia. Nilidhani watu watafurahi. Wa kwanza aliuliza kama huo ni utani gani. Wa pili alisema nimemliza bure mbele ya wateja. Jamaa wa mpira alisema vijana wa siku hizi hatuna adabu.

Halafu wakaanza kufuta.

Sikuwa nimewazia jambo hilo. Nilikuwa natazama na sifa zinapotea moja baada ya nyingine, kama mtu anayeondoa viti baada ya sherehe. Aya ndefu ya kilimo, haipo. Mwalimu wa vicheko, hayupo. Nadhani waliona haya. Umemwambia mtu kwamba alikuwa nuru ya maisha yako, kesho mtakutana stendi, utaweka wapi uso?

Nikaanza kupiga picha za skrini kwa fujo. Simu ikaniambia imejaa. Nikafuta video ya kwaya ya mama, nikafuta nyingine, nikaendelea kupiga. Jirani yangu wa dawati alikuwa amekuja kucheka, lakini alipoona, akawa ananisomea yale yanayofaa kuwahiwa kwanza. "Huyo wa boda, haraka. Wa hospitali, wa hospitali!" Wa hospitali hakufuta. Alibaki pale peke yake, na chini ya maneno yake akaongeza: "Bora uko hai. Basi endelea."

Zote nikamtumia yule mama. Hakujibu.

Jumamosi mama yangu akasema kumuua mtu hakuombewi msamaha kwa simu. Tukafunga chapati kwenye kitambaa tukaenda Homa Bay. Nilisinzia njia nzima na kitabu cha kemia mapajani, ili mama aone nia.

Nyumba yake iko juu kidogo ya mjini, ukigeuka unaona ziwa. Ni mwalimu wa chekechea. Kwenye picha alionekana mtu mkubwa. Alikuwa mfupi, kavaa fulana ya mashindano ya watoto, na miguu yake kweli ilikuwa inauma, alikuwa ameiweka juu ya kigoda. Niliona haya kwa ile yangu niliyobuni. Waya alikuwa bado yupo, ameketi kizingitini na mfupa wa kuku. Akatutazama.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ni huyu."

"Kumbe mdogo hivi." Akarudia mfupa wake.

Mama yangu na yeye wakazungumza kwanza, habari ya barabara, habari ya bei ya unga. Mimi nilikuwa nimekaa kama mshtakiwa. Mwishowe nikasema nilichopanga, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuandika watu bila majina, kwamba ni ufundi mkubwa.

"Ufundi?" Alicheka hadi kigoda kikasogea. "Nyathina, ni woga. Yule mhubiri ni jirani. Yule wa omena ananiuzia. Ningetaja majina ningekula nini?"

Mimi nilikuwa nimeandika aya nzima kuhusu ufundi huo.

"Umesoma zile picha nilizotuma?" nikauliza.

"Nimesoma."

"Sasa bado unafunga?"

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Yule mwalimu alikata chapati vipande, akampa Waya, akajipa yeye.

"Nimechoka," akasema. "Nilidhani nikiambiwa nitapona uchovu. Nimeambiwa, na bado nimechoka. Nafundisha watoto wanaokojoa kutwa, nikirudi nianze kuandika. Kusifiwa hakuoshi vyombo."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe? Nani amekuambia?"

"Nini?"

"Kwamba unaandika."

Nikafikiri. Binamu zangu huweka kidole gumba. Jirani wa dawati huniambia ninaiba. "Hakuna," nikasema.

Akaangalia chapati yake.

"Ile uliyoandika ya mwalimu wa zamu aliyesinzia akisimamia watu wanaosinzia. Niliisoma mara mbili. Halafu nikaandika yangu ya wazazi wanaosinzia kanisani wakiwafinya watoto wasisinzie, nikaipitisha mulemule. Hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Niliisoma nikasema huyu mama anajua sana, lazima nimuige.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mbona wewe hukuniambia?"

Waya akauliza kwa Dholuo tunabishania nini. Mwalimu akamweleza. Waya akasema kitu, mwalimu akakitafsiri kwa ajili ya mama yangu: kwamba sisi wawili ni wajinga, na kama kuna chapati nyingine.

Hakuahidi kitu. Alitusindikiza hadi mahali mteremko unapoanza, akasema miguu haitaki zaidi, akarudi. Njiani mama hakunigombeza, jambo lililonitia wasiwasi.

Mwisho wa mwezi ukafika. Nikafungua blogu yake, ipo. Siku iliyofuata ipo. Haikuwa imefungwa na hapakuwa na kipya, ilikaa tu kama mlango ulioegeshwa. Sikumwandikia. Tulipewa matokeo ya kemia na sina haja ya kuyaeleza hapa.

Halafu jioni moja, nikiwa nakanda, simu ya mama ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule mwalimu wa Homa Bay.

"Nimeandika. Si nzuri sana. Ukisoma, sema umesoma. Basi, usiongeze."

Nikamaliza kukanda. Nikaosha mikono, nikasoma. Ilikuwa fupi, ya mwanamke anayeanika nguo huku analiliwa langoni, na mwishoni ilionekana wazi kwamba aliyeandika aliishiwa nguvu akaacha. Nilikuwa na mengi ya kusema. Kidole kilishaanza kuandika "Mama, umetisha," nikafuta.

Nikaandika chini yake, "Nimesoma." Juu yangu kulikuwa tayari na mtu mmoja aliyetangulia, yule wa hospitalini, naye ameandika neno hilo hilo.